Darubini Yafaa Kuliko Bunduki: Shauri kwa Mkulima Mwenye Nyani Jirani



Mwezi uliopita mzee mmoja wa hapa Kikopey alikuja ofisini kwetu na kipande cha gazeti mkononi. Kilikuwa na picha ya darubini ndogo ya kufungwa juu ya bunduki. Aliniuliza, "Karani, chombo hiki ni bei gani? Nyani wamenimaliza." Nilimpa kiti tukazungumza kwa muda mrefu. Alipoondoka alikuwa ameacha shauri la bunduki, naye anatafuta darubini ya namna nyingine, ile ya kushikwa kwa mikono miwili na kutazamwa kwa macho mawili. Kwa kuwa nyani hawakuli shamba la mzee yule peke yake, nimeona yafaa niyaandike hapa yale niliyomwambia.

HABARI YA BUNDUKI KWANZA

Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Mei mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inakataza kuwinda, ikiwa mtu anawinda kwa mchezo, au kwa kutafuta kitoweo, au kwa kuuza nyama. Tena bunduki yenyewe haiwekwi nyumbani bila leseni. Basi mkulima anunuaye darubini ya bunduki ni kama mtu anunuaye tandiko hali punda hana.

Wengine husema, "Nitainunua ya kutazamia tu." Hilo nalo si shauri jema, kwa sababu tatu. Kwanza, hutazamwa kwa jicho moja, na jicho moja huchoka upesi. Pili, imetengenezwa ili jicho likae mbali nayo, karibu upana wa kiganja, bunduki isije ikampiga mtu usoni inapolia. Ukiishika mkononi bila bunduki, picha hucheza na kupotea. Tatu, huonyesha sehemu nyembamba tu ya nchi, na mlinzi wa shamba anahitaji kuona sehemu pana.

Na mtu mwenye bunduki anayeitumia darubini yake kwa kutazamia afanya hatari kubwa, maana kila anachokitazama amekielekezea mtutu. Kitu kinachotikisika kwenye leleshwa kinaweza kuwa nyani. Chaweza pia kuwa mtoto wa jirani anayeokota kuni.

NYANI WA KIKOPEY WALITUFUNDISHA NINI

Wengi wetu twajua ya kwamba Kikopey ilikuwa shamba kubwa la mifugo la ukoo wa Cole, likiandikwa Kekopey. Lakini si wote wajuao kwamba nyani wa hapa wametajwa katika vitabu vya dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Harding, aliwachunguza nyani hawa, na mwaka 1972 akaja Bi. Shirley Strum, ambaye aliwafuata kwa miguu siku hata siku, mpaka wakamzoea.

Wataalamu hao waliona jambo la ajabu. Nyani wa Kikopey walikuwa wawindaji. Walikamata watoto wa swala na sungura wakawala. Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa hasa ya madume, kisha majike wakajifunza, na vijana wakajifunza kwa kuwatazama wakubwa. Mkulima, shika neno hilo: nyani hujifunza kwa kumwona mwenzake akifaulu.

Katika miaka hiyo ya 1970 shamba lilinunuliwa na chama cha wakulima, likagawanywa, na mahindi na maharagwe yakapandwa mahali palipokuwa malisho. Baadhi ya nyani wa kundi lile waliokuwa wakichunguzwa walionja mahindi wakayapenda, nao wakajitenga na wenzao. Kundi lao likapewa jina la Wabaya. Njia nyingi zilijaribiwa ili kuwazuia nyani wasiingie mashambani. Mwisho, mwaka 1984, makundi matatu yalikamatwa yakahamishwa mpaka Laikipia.

Kuhamisha nyani ni kazi ya gharama kubwa na ya miezi mingi. Haiwezi kufanywa kwa ajili ya kila shamba, na nyani wengine bado wapo kwenye majabali yetu. Tena katika orodha iliyowekwa na Sheria ya mwaka 2013 ya wanyama ambao mkulima aweza kudai fidia wakiharibu mazao, nyati yumo, kiboko yumo, pundamilia yumo, lakini nyani hayumo. Kwa hiyo, mbele ya nyani, ulinzi wako ndio bima yako.

Na ulinzi mwema ni ule unaomzuia nyani kabla hajaonja. Akishatia hindi moja mdomoni, amepata somo, na wenzake wameliona somo hilo. Kesho watarudi. Ukimwona angali mbali, ukasimama njiani kwake, atageuka aende kutafuta majani na mizizi yake porini. Hapo ndipo darubini inapofanya kazi: hukupa muda.

TARAKIMU MBILI ZA KUJUA

Kwenye kila darubini pameandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x40. Usinunue kabla hujazielewa.

Tarakimu ya kwanza ni mara ngapi kitu huonekana kimesogea karibu. Nyani aliye mbali mita 400, ukimtazama kwa darubini ya 8, utamwona kana kwamba yuko mita 50. Kwa darubini ya 10 utamwona kana kwamba yuko mita 40. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini darubini ikuzapo picha hukuza pia kutikisika kwa mkono. Kwa watu wengi, ikipita 10 picha huruka-ruka isionekane vema bila kuegemeza mikono. Kwa kazi ya shamba 7 au 8 yatosha.

Tarakimu ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana huingiza mwanga mwingi. Ili ujue kama mwanga utatosha alfajiri, gawanya tarakimu ya pili kwa ile ya kwanza. Hii ni hesabu ya mtoto wa shule:

8x40: 40 kwa 8 ni 5. Nzuri asubuhi mapema na jioni.
7x35: 35 kwa 7 ni 5. Nzuri vilevile.
10x50: 50 kwa 10 ni 5. Mwanga ni mwema, lakini ni nzito, na picha hutikisika zaidi.
8x21: 21 kwa 8 hazifiki 3. Ni nyepesi, huingia mfukoni, lakini alfajiri itakuonyesha giza.

Mara nyingine huandikwa pia upana wa nchi unayoiona, kwa mfano digrii 7. Maana yake, kwa umbali wa mita 1,000 utaona upana wa mita 122 hivi. Kadiri upana huu unavyozidi, ndivyo unavyompata nyani upesi bila kuhangaika.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, nami nilidhani mtu aliyesoma hadanganywi. Miaka michache iliyopita mama yangu alikuwa na mahindi karibu ya kukomaa, ekari moja, upande unaopakana na kichaka. Nilinunua darubini kwa mchuuzi wa barabarani. Iliandikwa tarakimu kubwa, ina kitufe cha kuongeza ukubwa kutoka 10 mpaka 30, na vioo vyake vinang'aa vyekundu kama taa ya nyuma ya gari. Niliona fahari sana.

Siku ya kwanza nikakaa na mama mlangoni, nikatazama jabali. Niliona kila kitu viwili viwili, tena vyenye ukungu. Baada ya dakika tano kichwa kiliniuma. Mama akaichukua, akatazama, akanirudishia. Akasema, "Mwanangu, macho yangu ya uzee yaona kuliko chombo chako." Niliiweka kabatini. Juma lile mdogo wangu wa mwisho alikosa shule siku tatu ili alinde, na siku ya nne, alipokwenda kunywa chai, nyani waliingia. Mahindi tuliyovuna kwenye mistari sita ya upande wa kichaka hayakujaza debe.

Mahindi yalinisikitisha, lakini zile siku tatu za shule zilinisikitisha zaidi, maana mahindi hupandwa tena msimu ujao. Kwa sababu hiyo nilijifunza jinsi ya kuchagua, nami nakupa mafunzo hayo bure.

JINSI YA KUIJARIBU KABLA YA KULIPA

Usinunue darubini ambayo hukuruhusiwa kuitoa nje ya duka ukatazama mbali. Mwenye duka akikataa, mshukuru uende zako. Akikubali, fanya haya:

1. Tazama ukingo wa paa la mabati au waya wa stima ulio mbali, kwa dakika nzima. Ukiona waya mbili badala ya moja, au ukihisi macho yanavutwa, mapipa mawili ya darubini hayakunyoshwa sawa. Irudishe.

2. Iinamishe vioo vya mbele chini ya mwanga. Mng'ao hafifu wa zambarau au kijani ni dalili kwamba vimepakwa dawa ya kupitisha mwanga. Mng'ao mweupe kama wa dirisha ni dalili kwamba havikupakwa. Mng'ao mwekundu mkali kama ule wa darubini yangu ni urembo tu, nao hupoteza mwanga.

3. Zungusha gurudumu la katikati. Liende laini, lisiwe gumu wala lisilegee. Darubini isiyo na gurudumu, inayosemwa kwamba haihitaji kurekebishwa, usiichukue.

4. Kwa ile ya mtumba, ielekeze kwenye mwanga wa mbingu, mbali na jua, uchungulie kutoka upande wa mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu. Itikise polepole karibu na sikio. Kikilia kitu ndani, kioo kimetoka mahali pake.

5. Iache ile yenye kitufe cha kubadili ukubwa. Kwa bei ya chini, chombo cha kazi moja hutengenezwa vema kuliko chombo cha kazi nyingi.

Ukiwa na fedha kidogo, nunua 8x40 ya kawaida, isiyo na mapambo. Darubini ya mtumba iliyo nzima, yenye vioo safi, ni bora kuliko mpya ya urembo. Na usidhani simu itashika nafasi yake. Simu nyingi huikuza picha iliyokwisha pigwa, na nyani wa mbali huwa madoa tu.

KUIREKEBISHA KWA MACHO YAKO

Watu wengi hulaumu darubini nzuri kwa kuwa hawakuirekebisha. Kwanza ifungue au uifunge mapipa yake mpaka uone duara moja tu. Kisha tazama kitu kilicho mbali, kama mti wa mgunga. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Halafu funga la kushoto, usiguse gurudumu, bali zungusha pete ya jicho la kulia mpaka nalo lione vizuri. Kariri alama ya pete hiyo. Tangu hapo utazungusha gurudumu la katikati tu. Mwenye miwani akunje mipira ya machoni, aweze kuona duara zima.

Kila mtu nyumbani ana alama yake ya pete. Ziandikeni ukutani.

KUITUMIA SHAMBANI

Nyani hulala juu ya majabali au miti mirefu, na asubuhi hawakimbilii chakula. Huteremka kwa utaratibu, wengi wakikaa kwanza wakiota jua. Muda huo ndio wako. Toka nje mapema, kaa mahali palipoinuka, egemeza viwiko magotini au juu ya nguzo ya ua, utazame jabali. Usiizungushe darubini ovyo. Tazama kwanza kwa macho matupu, mahali utakapoona kitu kinasogea ndipo uinue darubini bila kuondoa macho hapo.

Uliza maswali matatu. Ni wangapi? Wanaelekea wapi? Je, yuko mmoja aliyetangulia, amekaa peke yake akitazama upande wa shamba? Huyo mwangalie sana. Mara nyingi dume hutangulia, na akiona pamelala wenzake humfuata.

Ukiona wameelekea kwako, usingoje wafike kwenye mahindi. Nenda ukasimame kati ya kichaka na shamba, uonekane, upige debe au filimbi. Jirani aliye na darubini na ampigie simu jirani wa pili, maana nyani waliofukuzwa kwako watajaribu kwake. Msiende chini ya watu wawili, na msimfuate dume kichakani kwa mbwa. Meno yake ya pembeni ni marefu na hupasua. Wala msitege sumu. Sheria imeikataza, nayo huua mbwa, tai na kuku kabla ya kumwua nyani.

Andika katika daftari: tarehe, saa, idadi, na njia waliyopita. Baada ya miezi miwili utaona kwamba wana desturi kama watu waendao sokoni. Utajua ni saa gani za kulinda na ni saa gani za kupalilia. Pia utajua ni upande gani usipande mahindi, bali uache ukanda wa majani mafupi, ili mwizi asipate maficho.

Darubini itakusaidia kwa mambo mengine pia. Kabla ya kuingia kwenye leleshwa kukata kuni, tazama kama kuna nyati. Ukimwona, rudi nyuma, ukatoe habari kwa maafisa wa Shirika la Wanyamapori. Tazama ng'ombe wako bila kuwaendea. Tazama moshi, ujue kama ni moto wa jirani apikaye au ni nyika inayoungua.

ONYO MOJA KUBWA

Usilitazame jua kwa darubini hata kwa nukta moja. Huunguza jicho kwa ndani, na jicho halihisi maumivu linapoungua. Jioni, jua linapoteremka upande wa ziwa, geuka upande mwingine. Waeleze watoto jambo hili kabla hujawaruhusu waiguse.

KUITUNZA

Adui wa darubini hapa kwetu ni vumbi. Vumbi jeupe la udongo wa namna ile ichimbwayo Kariandusi ni laini mkononi, lakini ni punje za silika, na watu huitia katika dawa za kusugulia vyuma. Ukifuta kioo kikavu kwa pindo la shati, unakisugua kama sufuria. Kwanza puliza, kisha pangusa vumbi kwa brashi laini, mwisho ndipo ufute kwa kitambaa safi cha pamba chenye unyevu kidogo. Usitie mate, wala sabuni ya kufulia. Vaa kamba shingoni kila mara. Iweke katika mfuko mkavu, mbali na moshi wa jikoni, na ikiloa mvua iache ikauke wazi kabla ya kuifunika. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi, kwa maana ukiisha kuvisogeza vioo vya ndani hutaweza kuvirudisha sawa.

NUNUENI KWA USHIRIKA

Mkulima mmoja aweza kuona bei yake ni kubwa. Lakini nyani hawajui mpaka wa shamba lako na la jirani. Nyumba nne zinazopakana na kichaka kimoja zaweza kununua darubini moja, zikalinda kwa zamu, kila nyumba asubuhi yake. Zamu iandikwe, na iwe ya watu wazima. Hapo hakuna mtoto atakayeachwa nyumbani siku ya shule kwa sababu ya nyani, wala mama mzee hatakesha mlangoni peke yake.

Yule mzee mwenye kipande cha gazeti alirudi ofisini juma lililopita. Yeye na majirani watatu wamenunua 8x40 ya mtumba, nami niliijaribu kwenye waya wa stima mbele ya ofisi. Niliona waya mmoja tu. Nilimwuliza, "Mzee, nyani je?" Akajibu, "Wapo, karani. Lakini sasa sisi ndio tunaotangulia kuwaona."

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ziba ufa wako mapema, nyani wangali juu ya jabali.

— Karani, Ofisi ya Kilimo